Nani Atawasha Gari?

Kila siku baada ya shule, Hyasinta alipitia gereji ya baba yake, fundi Pantaleo, katika mtaa wa Gerezani. Gereji ile ilikuwa na desturi yake: anayegundua ugonjwa wa gari ndiye anayeliwasha likishapona. Kwa miaka miwili mwashaji alikuwa Hyasinta, maana masikio yake yaliijua injini kuliko mafundi wakubwa.

Kisha serikali ikafungua milango ya biashara ya nje, na magari ya mitumba yenye kompyuta ndani yakamiminika mjini. Mzee Ravindra, mwenye duka la vipuri la jirani, akaagiza waya wa kuunganisha gari na kompyuta ya kupimia. Binti yake Kajal, wa miaka kumi na mitatu kama Hyasinta, ndiye aliyejua kuutumia, akawa anakuja nao gereji. Akichomeka na kusoma, ugonjwa umejulikana.

"Huyu mtoto ana kichwa!" Pantaleo alisema, akampa ufunguo awashe.

Hyasinta alitabasamu, lakini rohoni aliungua. Ufunguo ule ulikuwa wake! Na Kajal wala hakuwa na maringo, jambo lililomkera zaidi, kwani hata kumchukia vizuri alishindwa. Jioni moja, wengine walipokuwa wakinawa mikono, aliukunja ule waya huku na huku karibu na kichwa cha kuchomekea, mpaka kitu ndani kikakatika.

Kesho yake kompyuta haikusoma kitu, na mwenye gari alikuwa anasubiri.

"Wewe ndiye uliyeushika mwisho, Kajal," Pantaleo alisema. "Itabidi nimwambie baba yako. Alishasema waya huu ukiharibika, huji tena huku."

"Fundi, haki ya Mungu sijauharibu," Kajal alijibu, machozi yakimlengalenga.

Hyasinta alikuwa amepata alichokitaka, mbona moyo ulikuwa mzito hivyo?

"Baba, ni mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Niliukata kwa wivu."

Pantaleo hakufoka. Alimpa mita ya kupimia nyaya, ile inayolia umeme ukipita. "Haya, tafuta ulipokatika."

Kajal alishika ncha moja, Hyasinta akapima uzi mmoja mmoja wa ndani. Kwenye wa nne mita haikulia. Waliuchuna waya karibu na kichwa, wakaunga kwa risasi ya kuyeyusha, wakazungushia tepu. Taa ya kijani ikawaka.

"Silinda ya tatu haichomi mafuta," Kajal alisoma.

Hyasinta akainamia injini iliyokuwa ikikohoa. "Naisikia. Koili yake ya cheche inalia tik, tik."

Koili ilipobadilishwa, Pantaleo aliuweka ufunguo juu ya boneti. Hyasinta aliuchukua, akautia kiganjani mwa Kajal. "Nisamehe."

"Umeniliza, bwana," Kajal alisema, kisha akacheka. Akaingia garini, akawasha, na injini ikanguruma vizuri.

"Mwanangu," Pantaleo alisema, "wivu haukukuongezea ujuzi hata kidogo, ila ulitupunguzia waya. Leo mmegundua ugonjwa pamoja upesi kuliko siku zote. Sasa nenda kwa Mzee Ravindra, umweleze mwenyewe."

Kajal akazima gari, akamshika Hyasinta mkono. "Twende wote."