Kikohozi cha Mzee Mbonea

Kisomeo kilikaa kwenye dirisha la jikoni, hakizidi ukubwa wa kipande cha sabuni, na kilikuwa kinasoma habari za nyuki kwa sauti ya mtu aliyezikwa mwaka mmoja uliopita kasoro siku nne. Kila neno lilitoka limenyooka. Penye nukta kilipumzika, penye mkato kikavuta pumzi, ingawa mapafu hakina.

Mama Nakiete alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Kumbe malkia wao hachaguliwi," alisema. "Ni chakula tu alicholishwa."

"Ndivyo, Mama Nakiete," kikajibu kisomeo kwa sauti ya marehemu mumewe, Mzee Mbonea. "Niendelee?"

"Endelea."

Miaka hiyo Same ilikwisha kuwa jiji, likinywa maji ya mitego ya ukungu iliyotandazwa juu kwenye milima ya Upare. Mzee Mbonea alikuwa fundi wa pampu za maji hayo kwa miaka arobaini, mpaka figo zilipomwangusha. Siku ya mazishi binti yao wa pekee, Nakiete, alikuwa mwezini akijenga nyumba za vioo, na chombo cha kumrudisha husafiri mara moja kwa mwaka. Alipiga simu akilia. "Mama, nitunzie sauti ya baba. Nikirudi, anisomee hata ukurasa mmoja."

Basi mama akaenda Nyumba ya Sauti. Kule hupeleki nusu. Unakabidhi kila rekodi ya marehemu uliyo nayo, mtambo unazisaga zote na kujifunza sauti yake, kisha rekodi zinafutwa. Sheria iliwekwa hivyo baada ya matapeli kuwapigia watu simu kwa sauti za wazazi wao waliokufa. Sauti moja, kisomeo kimoja. Na kisomeo chenyewe huendelea kujifunza kwa anayekisikiliza.

Mama Nakiete aliishia darasa la saba, akapikia watoto wa shule uji maisha yake yote. Mumewe alikuwa akimsomea kila jioni vitabu vyake vya udongo, vya magonjwa, vya mashine, naye akisikiliza nusunusu huku anashona. Mwaka huu alitaka kusikia vizuri. Alinunua daftari, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa, upande mmoja akaandika "kwa macho" na wa pili "kwa masikio". Vilifika vitabu thelathini na moja. Kulikuwa na cha chumvi, cha mifupa, cha reli za zamani. Cha figo alikisoma kwa macho. Alipofika mahali panapoeleza miguu inavyovimba, akakumbuka ile miguu aliyoikanda kwa maji ya moto miezi minne akidhani ni uchovu, akakifunika. Alikaa siku tatu ndipo akakirudia.

Saa saba mchana siku hiyo ya nyuki Nakiete aliingia kutoka mwezini, anatembea kwa fimbo, maana mwezi huilegeza miguu. Walishikana hapo mlangoni muda mrefu. Alipokwisha kunywa chai ya tangawizi akaliona daftari.

"Thelathini na moja! Lakini kumi na tisa ni vya masikio. Huko si kusoma, mama, ni kusomewa."

"Nyamaza huko. Wewe ulisomewa mpaka darasa la nne, na cheti ukapewa."

Nakiete akacheka. Kisha cheko likaisha. "Niwekee baba."

Mama alichagua kitabu cha pampu, kile ambacho nakala yake ya karatasi bado ilikuwa rafuni, jalada limejaa madoa ya chai. Kisomeo kikaanza. Nakiete alifumba macho. Zikapita sentensi tano, sita. Akafumbua.

"Huyu ni nani?"

"Baba yako, mwanangu."

"Baba hajawahi kumaliza ukurasa bila kugombana na mwandishi. Mbona hakohoi?"

Mama Nakiete aliweka kikombe chini. "Nilikiambia kiache," alisema. "Kikohozi kilikuwa kinanikumbusha zile wiki za mwisho."

"Na mwendo?"

"Kilikuwa kinakimbia. Nikakiambia kipunguze. Na tarakimu kilikuwa kinazisoma mara mbilimbili na kuniuliza kama nimesikia, unamjua baba yako. Nikakiambia mara moja inatosha."

Maneno hayohayo alikuwa amemwambia Mbonea kwa miaka thelathini na minane. Mbonea alikuwa akicheka na kuongeza mwendo. Kisomeo kilisema nimekuelewa, kikatii.

"Kiambie kimrudishe," alisema Nakiete.

"Kohoa kama zamani," mama akakiambia. Kisomeo kikakohoa mara moja, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi.

"Siyo hivyo," mama alisema. "Sauti ya mwanzo iko wapi?"

"Sauti ya mwanzo imeboreshwa, Mama Nakiete. Haikuhifadhiwa."

Nakiete aligeuza uso ukutani, mabega yakatikisika. Hakumlaumu mama yake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi yule mama. Katika daftari, kitabu cha ishirini na nane kilikuwa cha ubongo. Mama alikuwa ameandika chini yake kwa mkono wake: mtu kila akikumbuka jambo, analigusa, na likiguswa halirudi lilivyokuwa. Siku ile aliandika, akafunga kalamu, akaenda kukiambia kisomeo kisivute pumzi kwa nguvu.

Sasa mama alisimama, akakichukua rafuni kile kitabu cha karatasi. Akavaa miwani. Akaanza kusoma, mbio, akimeza miisho ya maneno kama alivyokuwa akimeza Mbonea. Katikati ya sentensi akasimama. "Huyu bwana hajawahi kushika spana," alisema kwa sauti nzito, na akakohoa, kikohozi kirefu cha kifuani, mpaka machozi yakamtoka.

Nakiete aligeuka.

Dirishani taa ya kijani ikawaka. "Unasoma haraka mno, Mama Nakiete," ilisema ile sauti nzuri ya mumewe. "Nikusaidie?"

Mama aliweka kidole kwenye mstari.

"Lita elfu nne na mia mbili kwa saa," alisoma. Akakirudisha kidole mwanzo wa mstari. "Lita elfu nne na mia mbili kwa saa. Umesikia, Mama Nakiete?"