Jibu la Upande wa Kushoto

Saa kumi na moja na nusu jioni nilikuwa kwenye duka la vipuri, namwangalia muuzaji akifuta vumbi kwenye maboksi mawili madogo. Beringi za habu, yaani kitovu cha gurudumu, za nyuma. Si zile za gololi ambazo gari lilitoka nazo kiwandani. Hizi zilikuwa za roli, imara zaidi, za kubeba mzigo bila kulalamika.

"Hilo gari bado linatembea?" muuzaji aliuliza akicheka. "Si rika moja na babu yangu?"

"Lipo juu ya mawe. Namalizia kulitengeneza."

"Na pini za kufungia unazo?"

"Ninazo," nikasema, nikatoka haraka kabla hajanitazama usoni.

Gari lenyewe tulilipa jina la Bikizee. Mke wangu alilirithi kwa marehemu baba yake. Na mke wangu alikuwa fundi, tena fundi wa kunizidi. Wateja walimwita Mama Spana, na wakinikuta peke yangu gereji waliuliza, "Mwenye gereji yuko wapi?" Nilikuwa nacheka. Leo mtu akiniuliza hivyo naingia nyuma ya kabati la vifaa, nalia kwanza, ndipo naenda kumhudumia.

Miezi minane kabla ya jioni hiyo, mke wangu alikufa ndani ya Bikizee. Gurudumu la nyuma la kushoto lilichomoka mteremkoni, gari likapinduka.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe alisema beringi zilikuwa zimechoka, na ndiye aliyenituma nikatafute mpya. "Zitoe hizo zilizomuua mwanangu," aliniambia. "Weka zilizo bora, nipande tena gari la mume wangu kabla sijamfuata." Mtaa ulisema ni uchawi. Ng'ambo ya barabara kuna fundi tunayemwita Mzee Honi, kwa kuwa hawezi kukabidhi gari bila kupiga honi mara tatu. Eti yeye ndiye aliyemwonea wivu Mama Spana, akamtupia kitu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Wateja wakamkimbia. Mama mkwe akaacha kuitikia salamu zake.

Mimi nilinyamaza.

Nilinyamaza kwa sababu kikulacho kilikuwa nguoni mwangu. Kilikuwa kwenye mfuko wa shati.

Nieleze vizuri. Gurudumu la nyuma la Bikizee linashikwa na nati moja kubwa yenye meno. Ukishaikaza, unapitisha pini kati ya meno yake na tundu la ekseli, kisha unaikunja miguu ili nati isifunguke yenyewe. Pini ikishakunjwa, sisi tunasema imelala. Mke wangu hakuwasha gari hata siku moja bila kuita. Alikaa kwenye usukani na kuita upande mmoja mmoja, na mimi nikajibu.

"Nati?"

"Imekaa."

"Pini?"

"Imelala."

Siku ile tulikuwa tumebadilisha viatu vya breki. Yeye alifunga kulia, mimi kushoto. Simu ilikuwa begani, nabishana na rafiki yangu kuhusu mpira. Mpira! Mke wangu akaita, nikajibu kama mtu anavyoitikia salamu, bila kufikiri. Akaondoka akinipungia mkono. Usiku, hospitali, nilipapasa mfuko nikitafuta kitambaa cha kufutia machozi, nikakuta pini. Imenyooka, mpya. Niliitupa chooni, nikavuta maji, nikarudi kukaa karibu na mama yake. Alinishika mkono mpaka asubuhi.

Huyo ndiye mimi. Sasa unajua ulikuwa unamsikiliza mtu wa aina gani.

Basi nilirudi gereji na beringi zangu, mwanga wa jua ukiwa mwekundu kwenye mabati. Upande wa kulia nilimaliza upesi. Beringi ya zamani ya kushoto, iliyookotwa pamoja na gurudumu, niliiosha kwa mafuta ya taa, nikaizungusha kidoleni. Ilizunguka laini, bila hata kukwaruza. Miezi minane tumeitukana, kumbe ilikuwa nzima.

Nikahamia kushoto. Nikapaka roli grisi kwa kiganja, nikagonga sili, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke, taratibu kwa nyundo ya mpira, nikaingiza habu kwenye ekseli. Nikakaza nati huku nazungusha, nikailegeza kidogo, nikaikaza tena kwa vidole. Pini niliiacha kwenye sahani ya vifaa. Kabla ya kuifunga, beringi mpya lazima isikilizwe.

Mke wangu ndiye aliyenifundisha. Unachukua bisibisi ndefu, ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, unazungusha. Chuma kitakueleza kila kitu.

Nikapiga magoti. Nikazungusha.

Roli ziliteleza kwenye grisi. Safi kabisa. Mwendo ukapungua… ukapungua… habu ikasimama.

Sauti haikusimama.

Nilishikilia bisibisi palepale. Ilikuwa sauti ya hewa, inaingia, inatoka. Inaingia… inatoka…

Mtu alikuwa anapumua ndani ya chuma.

Kisha nikapata harufu. Sabuni ya kipande na sukari. Mke wangu alinawa mikono kwa mchanganyiko huo kila jioni, sukari ikisugua grisi kwenye mistari ya viganja. Tangu afe sijaleta sukari gereji.

"Kushoto," ilinong'ona bisibisi. "Nati?"

Nilitaka kuinuka. Lakini mdomo… mdomo ulinitangulia.

"Imekaa."

"Pini?"

"Imelala."

Nikatazama mbele yangu. Tundu la ekseli lilikuwa wazi. Pini ilikuwa kwenye sahani, haijaguswa. Nilikuwa nimemdanganya tena, uso kwa uso, kama wakati ule.

Habu ikajizungusha nusu mzunguko. Peke yake. Polepole, kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi wake.

"Pini?"

Nilitaka kuitupa bisibisi. Mkono ulikataa. Na nikiri, hata mimi sikutaka aondoke. Sauti ilikuwa yake, na kule kukwaruza kidogo mwishoni, kama mtu aliyekuwa anakula karanga.

"Pini?"

"Haijalala," nikasema. "Haijalala, mke wangu. Sikuiweka. Siku ile sikuiweka. Ilikuwa mfukoni mwangu, nilikuwa nabishana kwenye simu, nikakujibu tu. Hakuna beringi iliyokuua. Hakuna mchawi. Ni mimi…"

Pumzi ikaingia ndefu.

Haikutoka.

Harufu ya sabuni ikakatika. Bisibisi ikawa bisibisi. Nikageuka, na mlangoni alikuwa amesimama mama mkwe, mkoba begani, kiza kikianza kuingia nyuma yake.

"Mama… umemsikia?"

"Nimekusikia wewe."

Alikuja akaketi kwenye tairi kuukuu. Akaukumbatia mkoba. Mimi sikuthubutu kunyanyuka kutoka magotini.

"Siku ile alikuuliza mara ngapi?" alisema hatimaye.

"Mara moja, Mama."

Akatikisa kichwa. "Alikuamini."

Ningependelea anipige. Ningependelea achukue ile nyundo. Nililia pale chini na hakunikataza.

"Unajua kwa nini nimesimama mlangoni?" aliendelea. "Napita hapa kila jioni nikitoka sokoni. Miezi minane sasa. Na kila jioni nakusikia uko peke yako humu ndani unasema, imekaa, imelala. Nilidhani ni majonzi. Nikasema nisimwaibishe kijana wa watu, nikaenda zangu."

"Mimi? Mama, mimi sijawahi…"

"Kila jioni, baba. Leo ndiyo mara ya kwanza umejibu vingine."

Kila jioni? Nilikuwa nafanya kazi, nafunga vifaa, naenda kulala. Sikumbuki kuulizwa. Sikumbuki kujibu. Mara mia mbili na kitu amekuja kuniuliza, na mara zote nimemdanganya bila hata kugeuka.

Mama mkwe aliinama karibu na habu, akagusa ekseli kwa ncha za vidole. "Mimi jibu nalisikia," alinong'ona. "Swali silisikii. Sauti yake ikoje? Ana hasira?"

"Hapana, Mama. Ni kama siku zote. Anataka tu kujua kabla hajaondoka."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akimwita mtoto wake wa pekee kwa jina la nyumbani, ambalo mimi sikuwahi kulitumia.

Asubuhi alinipeleka ng'ambo ya barabara, akanisimamisha mbele ya Mzee Honi na watu waliokuwepo. "Sema," akaniambia. Nikasema yote, mpaka choo cha hospitali. Mzee Honi alifuta benchi kwa kitambaa chake, akamkaribisha Mama kitako, akamwita dada. Mimi alinipita kama mtu anavyoipita nguzo ya umeme.

Bikizee sasa yuko tayari. Beringi mpya ni kimya, pini zimelala pande zote mbili, nimezikagua mpaka nimejichoka mwenyewe. Jioni naweka bisibisi sikioni, nangoja. Hakuna kitu. Nimekaa hivyo mpaka sikio likauma. Niseme la aibu: kuna siku natamani ningeendelea kusema uongo, alimradi arudi kuniuliza.

Mama mkwe hataki gari liendeshwe. Huja jua linapozama, ananisalimia kwa adabu, salamu tu, kisha anafungua mlango wa nyuma, anaketi upande wa kushoto. Wiki ya kwanza alikaa kimya. Wiki ya pili, nikiwa napanga spana, nilimwona ameinamisha kichwa kuelekea dirishani, ametega sikio, kama anayesemeshwa na mtu aliyepiga magoti nje, kando ya gurudumu.

Nje hapakuwa na mtu. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote. Sikusikia chochote.

Mama akanitazama kupitia kioo cha mbele. Alinitazama kwa muda, machozi yakimshuka. Kisha akageukia tena dirisha.

"Bado, mwanangu," akajibu. "Nimejaribu. Bado sijaweza kumsamehe."

Na jana pia alijibu hivyo.