Jiwe la Zambarau na Ndoo ya Barafu

"Nyenje, unanisikia?" sauti ya makao makuu ilinong'ona sikioni.

Alisikia. Kujibu ndiko kulikoshindikana. Kipaza sauti watekaji walishaking'oa.

"Gari letu limekwama. Jikaze."

Ajikaze na nini? Bastola yake, Glock, ilikuwa mezani, mikono imefungwa waya nyuma ya kiti. Jasusi mzima, mwenye sifa kibao, amekalishwa pale kama gunia la viazi!

Mbele yake shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa anang'arisha jiwe kwenye gurudumu la kusugulia. Huyo walimteka kwa sababu ni mkata vito hodari. Jiwe lenyewe la zambarau, dogo kama harage, adimu kupindukia. Likikatwa sawasawa, linakuwa jicho la kuongozea kombora. Lakini lina madeko hilo! Jua hulifubaza, kwa hiyo hulazwa gizani kwenye kitambaa laini. Na likitoka kwenye gurudumu lina moto, huachwa lipoe lenyewe.

"Tayari?" aliuliza Suti, bosi wa magendo. Mnunuzi wa kigeni alisimama mlangoni, akitazama saa.

"Bado la moto, bosi. Liache kidogo."

"Mteja anaondoka, wewe unanifundisha kazi?"

Suti akalinyakua kwa koleo, akalichovya kwenye ndoo ya barafu.

Tak!

Loo! Vipande viwili.

Mnunuzi alivitazama, akafunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Suti akaiokota Glock, akamwelekezea shemeji.

"Umeniharibia!"

"Bosi, si ni wewe uliye..."

"Niue mimi!" Nyenje alipiga kelele, akajirusha pamoja na kiti. Kikaanguka kwa ubavu. Hakufika popote.

Risasi ilimpata shemeji kifuani.

Ndipo vijana wa idara wakavunja mlango. Suti akatiwa pingu. Mnunuzi walishamdaka getini.

"Jiwe limeharibika? Safi sana, Nyenje!" redio ilishangilia. "Hongera!"

Hongera ya nini? Hakufanya kitu, na roho ilimuuma vibaya sana. Walipomfungua waya, alimfumba shemeji macho, akanyoosha koti, akatoka nje kwa mwendo wake uleule wa taratibu.

Simu ikaita. Dada yake.

"Mdogo wangu! Ofisini kwenu wamenipigia, wanasema kazi imekwisha salama. Mungu akuweke! Hebu mpe mwenzangu simu nimsikie."

Nyenje hakusimama.

"Dada," alisema, "uko na nani hapo nyumbani?"