Mota ya Kidole Gumba

Balbu ilitakiwa izime, haikuzima.

Hakuna fundi wa redio asiyejua kupima mota kuukuu. Unaiunga na kabalbu kadogo, unazungusha mhimili wake kwa vidole, na kama mota ni nzima, balbu inawaka kidogo. Ukiachia, inazima, maana umeme ule unaupa wewe kwa vidole vyako mwenyewe. Sasa huyu fundi wetu, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, alizungusha mota moja kati ya zile alizozichomoa kwenye midoli mibovu, midoli aliyoiokota katika nyumba ambayo watu waliihama ghafla wakaacha hadi viatu mlangoni. Akaachia. Akaweka mikono magotini. Mhimili ukaendelea kuzunguka polepole, na balbu ikawaka nyekundu, kama vile kuna vidole vingine vimepokea kazi.

Mwenye kujipenda angeitupa akakimbia kunawa mikono. Yeye akacheka!

"Ee, hii ina nguvu," akajisemea. Akaitenga iwe ya kidole gumba, kwa kuwa gumba ndilo linaloshika kila kitu.

Mota hizo alikuwa akizikusanya kwa ajili ya dada yake mkubwa. Huyo dada alikuwa fundi cherehani, tena wa kusifika, mpaka ugonjwa ulipompooza mkono wa kulia. Wazazi wao walipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake, na kila tonge alilokula kijana huyo lilitoka kwenye sindano. Sasa mkono ulining'inia, wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao bila kushonwa, na dada akakaa chumba cha nyuma akiitazama cherehani yake kutwa nzima. Lakini huruma hakutaka. Ulimi wake haukupooza hata kidogo.

"Unafufua maredio ya watu yaliyokufa zamani," alikuwa akimwambia, "mkono wa dada yako ndio unakushinda?"

Basi fundi akabuni glavu. Kila kidole kilifungwa uzi wa nailoni, na kila uzi ukavutwa na mota ndogo: ikizunguka mbele kidole kinajikunja, ikizunguka nyuma kinakunjuka. Kuifanya mota moja iende mbele na nyuma kunahitaji transista nne, mbili za kupitisha umeme huku, mbili za kuupitisha kule, na ole wako ufungue mbili za upande mmoja kwa pamoja, moshi utakaotoka hapo utakuliza. Hayo yote aliyafanya vizuri. Kulehemu alijua, tumpe haki yake.

Tatizo lilikuwa diodi. Mota inayozunguka ukiikatia umeme ghafla hupiga teke, umeme unarudi kinyumenyume ukitafuta pa kutokea. Diodi ndizo zinazolifungulia teke hilo njia ya kurudi kwenye betri likatulia. Kila mota ya glavu ile alikuwa ameiwekea za kwake, na alipofika kwenye gumba zikamwishia.

"Inafanya kazi au haifanyi?" dada aliuliza. Glavu alishaivaa.

"Inafanya, dada, ila ya gumba sijaiwekea vile vidude vya..."

"Washa."

"Ngoja nikimbie dukani mara moja."

"Mwaka mzima nimengoja! Hebu washa, usinitie wazimu na vidude vyako."

Akawasha. Vidole vikajikunja vyote pamoja, vikashika mkasi, vikauinua juu ya meza. Dada alilia kwa sauti bila aibu, na fundi naye machozi yakamtoka. Kisha akakata umeme. Vidole vingine vikalegea. Gumba likaruka, na dada akapiga ukelele.

"Yalaa! Imenipiga!" Alijishika kiwiko, halafu bega, kama anafuata kitu kinachopanda. "Kimeingia humu."

"Ni teke la umeme tu, dada. Kesho naweka diodi."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua. Fundi akaipapasa saketi yote akitafuta kilichoungua, asikione.

Kesho yake cherehani ililia tangu alfajiri. Fundi alikuwa chumba cha mbele na redio za wateja, akiusikia ule mlio kwa furaha ya mtu aliyelipa fadhila. Saa sita mchana ulikuwa unalia bado, bila kupumzika hata kwa kubadilisha uzi, na hapo ndipo furaha ilipoanza kumpungua. Akaenda kuchungulia.

"Pita taratibu," dada alimnong'oneza. Midomo ilikuwa imemkauka. "Usiseme kwa nguvu. Linasikia."

"Nini kinasikia?"

"Tazama betri."

Betri ilikuwa sakafuni, waya zake zimechomoka. Na vidole vilikuwa vikisukuma kitambaa, vikijikunja, vikikunjuka, vikizungusha gurudumu la cherehani. Fundi akaivua glavu kwa pupa, na mkono mtupu, ule mkono uliokuwa umelala mwaka mzima, ukarudi wenyewe kwenye kitambaa, na ndani ya mfupa wa gumba akasikia mvumo mwembamba wa mota, na ile harufu ya nywele ikapanda tena, nzito kuliko jana, na dada akawa anauvuta mkono kwa mkono wake wa kushoto huku anamwomba kwa macho, na mkono ukamshika huo wa kushoto, ukaulaza chini ya sindano, ukazungusha gurudumu, na ukaendelea kushona kana kwamba nyama na pamba ni mamoja.

Fundi alimchomoa dada kwa kukata uzi na kupindua cherehani. Tangu hapo walimfunga mkono kwa mkanda kwenye kitanda, na usiku kucha kitanda kilitikisika.

Mganga waliyemwita alikuwa mama mmoja mwenye haraka zake, asiyependa maneno mengi. Alinusa mlangoni akakunja uso. Hakuuliza ugonjwa umeanza lini. Aliufungua mkanda, akaketi mbele ya mkono ule kama mtu aliyekuja kununua kitu.

"Ndiyo, kunja. Hapana, kunjua," akauambia. "Wewe ni mtu?"

Vidole vikakunjuka.

"Umetumwa?"

Vikabaki vimekunjuka.

"Umeingia mwenyewe kwa kuwa kulikuwa na mlango?"

Vikajikunja. Fundi, aliyeujua vizuri mlango ulioachwa wazi na aliyeuacha, akakwepa macho ya dada yake.

"Utatoka?"

Vikajikunja, vikakunjuka, vikajikunja tena.

Mganga akashusha pumzi. "Litatoka kwa masharti. Na masharti husikia mwenye mwili peke yake. Baba, tupishe."

Fundi alitoka akabana sikio mlangoni. Alisikia minong'ono, mganga akisema, "Fikiri kwanza, mama," kisha sauti ya dada, ndogo lakini haina mtetemo, ikisema neno moja ambalo hakulipata. Hapo nyumba nzima ikavuma. Balbu zote za chumba cha mbele zikawaka, hata zile zilizokuwa mezani hazijaungwa na kitu, zikapasuka moja baada ya nyingine.

Mganga alitoka ameinamisha kichwa. Malipo alikataa.

"Limetoka mwilini mwa dada yako," alisema, akapita haraka bila kumtazama usoni.

Ndani, dada alikuwa ameketi kitandani. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani, mtulivu. Akauinua, akajifuta jasho kwa huo huo.

"Dada! Unasogea!"

"Unasogea," dada akakubali. Hakutabasamu.

Fundi alicheka, akalia, akamkumbatia dada aliyekaa kama gogo. Kisha akaenda kuivunja ile glavu. Aliwasha chuma cha kulehemu, akasubiri kipate moto, akaanza kuchomoa transista moja moja ili mota ile asiiachie hata waya. Harufu ya kuungua ikapanda. Akainusa saketi, haikuwa hapo. Akanusa meza, akatazama waya, akapekua chini ya kiti, na moshi ukazidi kumfuata popote alipogeukia, hadi alipotazama mkono wake wa kulia akaona umekishika chuma upande wa moto, umekibana kabisa, ngozi inatokota, na yeye hasikii chochote.

"Dada!"

Alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa na uzi mdomoni, anatunga sindano kwa mkono wake mzuri.

"Lilitaka mkono," alisema polepole. "Likasema litaniachia wangu ukiwa mzima kama nikiliambia likakae wapi."

"Dada, huu ndio mkono wa kazi yangu!"

"Mkono huo nimeulisha mimi, tangu vidole vyake havijui kushika kijiko." Sauti ilimkatika kidogo, kisha ikanyooka. "Mwaka mzima mimi nimekaa kama maiti. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unacheka na wateja."

"Mimi nilikuwa nakutengenezea!"

"Umetengeneza. Ahsante, mdogo wangu."

Mvumo mwembamba ukaanza kwenye gumba la fundi.

Siku hizi duka la redio limefungwa, na biashara ya dada imepanuka. Amenunua cherehani ya pili, amemketisha mdogo wake hapo, na wateja huja kumtazama jinsi mkono ule unavyokwenda bila kupumzika. Kwa mkono wa kushoto fundi hujaribu kuuzuia, ndiyo maana wa kushoto umebaki na vidole viwili.

"Kumbe naye anashona hivi!" mteja mmoja alishangaa juzi. "Mbona analia?"

"Mwache," dada akajibu, akimpima kiuno. "Ukimsemesha anakosea mshono."