Gari Lisilosikia Usukani

Seremala alikuwa na gari moja kuukuu. Asubuhi lilibeba mbao, jioni lilibeba familia.

Siku hizo mke wake hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anachungulia dirishani. Mdogo wake, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimewadia. Hospitali ilikuwa mbali. Njia ilijaa mashimo na kona kali.

"Baba Pacha, gari linagonga," mke alisema, huku akikunja nguo za mtoto, akizikunjua, akizikunja tena. "Kila tukipita kwenye shimo, ko, ko, ko!"

"Gari limezeeka, Mama Pacha. Likinyamaza ndiyo uogope."

"Na linavuta kushoto."

"Nalirudisha kulia. Mikono si ninayo?"

Mdogo mtu alicheka, akashika tumbo. "Shemeji, nisije nikazaa njiani kwa kurushwarushwa."

Jioni hiyo walimpeleka kliniki. Wakati wa kurudi, walifika kwenye kona karibu na ghala. Seremala alikata usukani. Usukani ulizunguka, lakini gari liliendelea mbele kana kwamba halijasikia. Kisha likageuka ghafla. Kioo cha pembeni kiligonga ukuta, kikavunjika.

Hakuna aliyeumia. Mdogo mtu alikuwa akilia kimyakimya.

"Simamisha gari," mke alisema. "Sisi tunatembea."

Walitembea. Seremala aliwafuata na gari polepole, kajikunyata kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakwenda nyumbani. Alisimama kwa jirani yao, fundi wa magari, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Spana.

Bi Spana alizuia matairi ya nyuma kwa mawe, akainua gari kwa jeki. Seremala akaanza kuingia chini yake.

"Toka huko, shemeji! Jeki inainua tu, haikulindi. Likiteleza, tutakuzika." Aliweka stendi za chuma chini ya gari. Kisha akamwita mke, aliyekuwa amefika na kusimama pembeni. "Mama Pacha, shika tairi hili la mbele, mkono huu kushoto, huu kulia. Litingishe. Mimi naangalia."

Mke alitingisha. Ko!

"Mmesikia? Kutoka kwenye usukani, nguvu inafika kwenye fimbo hii. Tunaiita tairodi. Ndiyo inayosukuma na kuvuta tairi. Kichwa chake kimelegea. Dereva anageuza, tairi linachelewa. Sasa shika juu na chini."

Tairi lilicheza tena.

"Ningedhani ni beringi, lakini naona kiungo hiki kinachezacheza. Ni boli jointi. Kinafanya kazi kama nyonga yako: kinashikilia gurudumu, na bado kinaliacha ligeuke. Kikichomoka, tairi linalala, na gari halina tena mwenyewe."

Mke aliachia tairi, akajipangusa mikono kwenye kanga. 

"Basi nikaze nati," seremala alisema haraka.

"Kiti kikilika ulimi, ule unaoingia kwenye tundu la mguu, wewe unapigilia msumari?"

"Hapana. Natoa ulimi, naweka mwingine."

"Na hapa ni hivyohivyo, fundi mwenzangu. Hakikazwi. Kinabadilishwa."

Alishusha gari, akabonyeza kona ya mbele, akaachia. Gari likadunda, likadunda, likadunda.

"Shokapu imekufa," alisema.

"Kwani si ndiyo springi?" mke aliuliza.

"Springi inabeba uzito na kupokea shimo. Shokapu inaituliza springi. Bila shokapu, tairi linarukaruka. Na tairi likiwa hewani, hata ukikanyaga breki, ni bure."

"Basi nifungie na mimi moja," mke alisema. Hata seremala alicheka.

Kesho yake kazi ilianza mapema. Mke alikwenda gereji, akarudi nyumbani, akaenda tena. "Bado? Na uchungu ukianza?"

"Ukianza, tutatafuta gari jingine," Bi Spana alijibu bila kuinua kichwa. "Hili halitoki nusunusu."

Alipomaliza kubadilisha, aliwapeleka kwenye mashine ya kupima mwelekeo wa magurudumu. "Ukiruka hatua hii, litavuta upande tena, na matairi yataisha upande mmoja. Na likianza kugonga au kutetemeka, usingoje. Njoo."

Walipofika nyumbani, mdogo mtu alikuwa ameshika mlango, jasho likimtoka. "Shemeji, washa gari."

Safari hii hakuna kilichogonga. Kwenye kona ya ghala, mkokoteni wa maji ulitokeza ghafla mbele yao. Mke alifumba macho. Seremala alikata usukani, gari likageuka palepale. Alinyoosha, nalo likanyooka.

"Limesikia," alinong'ona.

Hospitalini, wakunga walimpokea mdogo mtu. Mke alikaa kwenye benchi la nje. Muuguzi alipotoka kusema kwamba mtoto wa kike amezaliwa salama, ilibidi amtingishe mke bega mara kadhaa ndipo aamke.