Ndege wa Siberia Dirishani kwa Hilkka

Jumamosi ya kwanza ya Januari, Hilkka Pesonen alifungua pazia la jikoni kwake Oulu, Finland, akakuta watu kama thelathini wamesimama kwenye theluji, darubini zote zimeelekea kwake. Naye yumo ndani ya gauni la kulalia! Akalivuta pazia, akatupia koti, akatoka nje amewaka hasira.

"Nyie! Kuna msiba humu ndani nisioujua?"

Watu wakacheka. Mwanamume mrefu mwenye koti la buluu lililopauka, ndevu zimeganda barafu, akamsogelea.

"Samahani, bibie. Hatukutazami wewe. Tunamtazama yule, kwenye kibanda chako cha mbegu. Katoka Siberia. Miaka ishirini namtafuta."

"Yule mwenye nyusi za manjano? Mbona tangu Krismasi ananimalizia shayiri?"

"Tangu Krismasi! Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani?"

Alisema kwa mzaha, lakini yule bwana hakucheka. Aliitwa Eljas, fundi wa mabasi kutoka Rovaniemi, mji wa kaskazini zaidi. Wenzake walipotawanyika, yeye alibaki, midomo imegeuka zambarau, mpaka Hilkka akamwita ndani anywe kahawa na mkate wa iliki. Kikombe cha pili ilibidi akitafute nyuma kabisa ya kabati. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita, na tangu hapo Hilkka alikuwa akitoka kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, na kurudi moja kwa moja kwenye nyumba isiyo na mtu.

Basi simu ya Eljas ikawa inalia kila siku saa kumi na mbili jioni.

"Haya, mrembo wangu kashindaje?"

"Yupi, mimi au ndege?"

"Tuanze na ndege."

"Mchokozi wewe!"

Hilkka alimweleza kama ndege kaja, naye Eljas akaiandika taarifa hiyo, kwa jina lake mwenyewe, kwenye orodha ya chama chao cha watazama ndege. Kisha wakapiga soga hata saa nzima.

Jumanne moja Hilkka alikuwa akimenya viazi. Kipanga akashuka ghafla, na mara kibandani pakawa patupu. Alitoka na ufagio, akayafagia manyoya ya ndege wake. Jioni simu ikalia.

"Leo kaja?"

Akaziona akilini jioni zote zilizobaki za baridi ile, simu iko kimya.

"Kaja," akasema. "Kala vizuri."

Akasema hivyo siku kumi na moja.

Jumamosi Eljas akatokea bila taarifa, na wenzake wawili wa chama. Walisimama baridini kwa muda wa saa tatu. Jirani aliyekuwa akitembeza mbwa akawashangaa: "Ndege gani? Si aliliwa na kipanga! Hilkka mwenyewe alifagia manyoya."

Eljas aligonga mlango taratibu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Miaka ishirini, Hilkka, sijaandika ndege ambaye sina uhakika naye. Leo wenzangu wananiona tapeli."

"Subiri nikueleze..."

"Siku kumi na moja ulikuwa nami kwenye simu." Akageuka, akaondoka.

Februari ilipita bila simu. Hilkka alikula amesimama, sufuria mkononi. Mwishowe akakiandikia chama barua: *Uongo ni wangu, si wa Eljas. Ndege alikufa, nikaficha, kwa sababu niliogopa kwamba Eljas hatapiga simu tena.* Akatia sahihi jina lake lote. Chama kikaichapisha wanachama wote waisome, na habari zikafika hata kazini kwake, wanawake wakaanza kunong'ona kila akipita na kapu la mashuka. Hakujitetea.

Siku ya nne simu ikalia.

"Nimesoma," Eljas akasema. "Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningesema nini? Kwamba ndege kafa, na nyumba ni kimya?"

"Ndiyo. Ungesema hivyo hivyo."

Hilkka aliketi kwenye kiti cha jikoni, simu sikioni. Eljas akaendelea:

"Kwangu pia ni kimya, mpenzi. Jumamosi natoka kazini saa sita. Basi linaingia Oulu saa kumi na nusu."

Jumamosi hiyo, saa tisa kamili, Hilkka alikuwa ameshasimama kituoni na koti lake jekundu la kanisani, theluji inamwangukia mabegani, akitazama barabara ya kaskazini.