Kwa Mbah Karso Hakuna Viluwiluwi

Kata ya kuchotea maji iligonga ukuta wa birika la kuogea. Ti. Kulikuwa bado giza, adhana ya alfajiri haijasikika. Nilidhani ni paka. Ikagonga tena, kisha kimya, kisha sauti ndogo ikanong'ona, "Huyu hapa."

Nilimkuta binti yangu Wening amepiga magoti bafuni, tochi mkononi.

"Unafanya nini na giza hili?"

"Kazi ya shule, Mama. Ukiwamulika wanakimbilia chini. Ona."

Niliinama. Ndani ya maji tunayooga, vidudu vyembamba vilikuwa vinajikunjakunja kushuka chini.

"Viluwiluwi," akasema Wening. "Watoto wa mbu. Mwezi huu darasa la tano tunasoma mbu."

"Lakini haya maji ni safi."

"Ndiyo wanayoyapenda. Mbu wa kidingapopo hataki mtaro mchafu, anataka birika letu. Na hangoji usiku. Anauma asubuhi na jioni, watu wakiwa macho."

Nilitaka kucheka, kwamba mtoto wa jana ananifundisha bafu langu. Lakini tulimwaga maji yote, tukasugua kuta kwa brashi, tukajaza upya. Danu, mdogo wake wa miaka minne, alisimama mlangoni akitupigia makofi.

Ijumaa watoto wa darasa la tano walitumwa mitaani. Kila mmoja alipewa nyumba chache za kukagua. Wening alipewa uchochoro wetu. Jioni alinipa habari huku anakula tempe, ile soya iliyochachushwa.

"Kwa Bi Sarinah wapo, kwenye ndoo. Kwa fundi baiskeli wapo, kwenye tairi. Kwa Mbah Karso hakuna."

Mbah ni babu. Ndivyo tunavyomwita kila mzee huku kwetu Java. Mbah Karso ni mwenyekiti wa uchochoro, na ukuta wa bafu lake ndio ukuta wa jiko letu. Anafuga hua, ndege wa sauti nzuri, kwenye vizimba vilivyoning'inia barazani. Nilisema moyoni, mwenyekiti bila shaka ni msafi.

Wiki iliyofuata Danu aliamka anawaka moto.

Bi Tumini, jirani anayepima watoto kwenye kliniki ya mtaa, alikuja kumwona.

"Mpeleke akapimwe damu. Mpe parasetamoli, na maji, na uji mwepesi, kidogo kidogo. Aspirini usimpe kabisa, inaweza kumfanya avuje damu."

Tulimpeleka. Kipimo kilisema ni kidingapopo, lakini bado angeweza kulala nyumbani. Siku ya nne homa ikashuka. Nilimshukuru Mungu, nikamwacha mtoto alale, nikaanza kufua. Bi Tumini alipoingia nilimwambia kwa furaha, "Amepona."

Alimshika Danu mikono.

"Ya baridi. Amekojoa lini?"

Nilifikiri. "Jana jioni."

"Tumbo?"

"Alilia tumbo linauma. Nikadhani njaa."

"Mama Wening, mbebe. Tunakwenda hospitali sasa hivi. Homa hii ikishuka ndipo pa kuogopa."

Nilimfunga mtoto mgongoni. Alikuwa mzito na mlegevu kama nguo iliyolowa. Hospitali walimtundikia maji. Daktari alisema tungechelewa hadi jioni angesema maneno mengine. Usiku ule sikuombea kitu kingine duniani ila mtoto yule akojoe. Alfajiri akakojoa, akaniloanisha mimi mzima. Nikalia kwa furaha.

Mbah Karso alikuja kututazama, na chupa ya maji ya mapera.

"Mapera yanaongeza damu," alisema. "Na msiwe na wasiwasi. Nimeagiza mashine ya moshi. Kesho uchochoro mzima utapulizwa."

Watu wakamshukuru sana. Alipoondoka, Bi Tumini aliminya midomo.

"Mapera mpe, ni maji mazuri, lakini mapera si daktari. Na moshi unaua mbu anayeruka. Aliye ndani ya maji hata hakohoi. Baada ya wiki anaota mbawa, anatoka, anatafuta mtoto mwingine."

"Sasa huyu aliyemuuma Danu alitoka wapi? Kwetu tulisugua."

"Mbu huyu hasafiri mbali. Muulize mkaguzi wako."

Nilimwacha Danu na Bi Tumini, nikarudi nyumbani kumuuliza Wening. Alikuwa ameinama juu ya sahani, bila kula.

"Mwanangu, uliwaona viluwiluwi wapi pengine?"

Machozi yakamdondoka. "Kwa Mbah Karso. Wapo wengi, Mama. Kwenye birika la bafu la wageni. Na kwenye vikombe vya maji vya hua."

"Ulisema hakuna."

"Ningesemaje? Mtu mkubwa haambiwi kwake pachafu. Na Mwalimu Sugeng alituambia nyumba ya Mbah tuandike salama tu, tusimwaibishe mwenyekiti. Hata Gendis wa darasa letu, kwa mjomba wake aliandika salama. Wote tumeandika salama kwa wakubwa."

Nilisimama pale jikoni, mkono juu ya ukuta ule ule. Upande wa pili maji yalikuwa yamekaa, yanalea mbu. Hasira niliyoipata sijawahi kuipata. Tunawapa watoto tochi, tunawafundisha kuona. Kisha tunawaambia, mkiona, fumbeni macho. Na sote tunaiita adabu.

Nilikwenda shule nikiwa na kandambili za bafuni. Mwalimu Sugeng alinikaribisha kiti. Sikukaa.

"Mwalimu, mwezi huu mnawafundisha watoto nini?"

"Maisha ya mbu, Mama Wening. Yai, kiluwiluwi..."

"Na kusema uongo mnafundisha siku gani?"

Alivua miwani. "Mama, tuzungumze polepole. Yule ni mzee. Ni mwenyekiti. Mtoto wa darasa la tano atamwambia nini mtu mzima kama yule?"

"Alichokiona."

"Atafedheheka."

"Mwanangu ana sindano mkononi, Mwalimu. Mnamwonea haya nani?"

Nje watoto walikuwa wanaimba hatua za mbu kama shairi, yai, kiluwiluwi, bundo, mbu, bila kukosea hata moja. Mwishowe alisema, "Ijumaa nitakuja mwenyewe."

Usiku wa kuamkia Ijumaa Wening hakulala vizuri. Bi Tumini alikaa naye kitandani.

"Naogopa nitakosa adabu, Bibi."

"Adabu imo kwenye ulimi na mwili. Inama. Tumia Kijava cha heshima, kile cha juu. Lakini hata kile cha juu kina neno la kiluwiluwi. Wazee wetu wasingekuwa nalo kama halitakiwi kusemwa."

Basi niwaambie mapema mambo yalivyoishia, msikae roho juu. Danu alipona, sasa anamkimbiza kuku wa Bi Sarinah. Mbah Karso kila Ijumaa anakunja suruali, anaingia bafuni na brashi, ananung'unika hadi anamaliza. Bi Tumini alimwonyesha kwamba kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandia ukutani na hukaa makavu miezi mingi, yakisubiri maji. Kwa hiyo anamwaga, anasugua kuta, kisha anafunika mtungi wa kunywa. Vikombe vya hua vinabadilishwa maji kila asubuhi. Tairi la fundi baiskeli limetobolewa, linabembea kwenye mti. Mvua zote zilizobaki hakuna mtoto mwingine wa uchochoro wetu aliyelazwa. Siku hizi darasa la tano huandika lililoonwa, hata kama nyumba ni ya mwalimu. Na kwa mwalimu waliwakuta.

Lakini yote hayo yalianza Ijumaa ile.

Mbah Karso alikuwa barazani, anampigia hua wake mluzi. Mwalimu Sugeng alitangulia, nyuma Wening na tochi, nyuma mimi na Bi Tumini. Wening aliingia, akakagua, akatoka. Mikono ya blauzi ilikuwa imelowa.

"Eh, Mwalimu," alisema Mbah, akicheka. "Kwangu salama kama kawaida, siyo?"

Mwalimu Sugeng alitazama ndala zake. Akatazama vizimba. Nilifungua mdomo, na Bi Tumini akanifinya kiunoni hadi nikaufunga.

"Mkaguzi mdogo," Mbah akamgeukia mtoto, "sema basi. Kuna nini kwangu?"

Wening aliinama hadi chini ya kimo cha mzee, kama tunavyowafundisha. Hakunyoosha kidole. Alikunja vidole, akaelekeza bafuni kwa dole gumba la mkono wa kulia, mkono mwingine ukishika kiwiko. Kisha akasema, kwa Kijava cha juu kabisa, na kwa sauti ya kusikika hadi kwa fundi baiskeli:

"Mbah, ndani ya birika lako kuna viluwiluwi."